Kaya Iliyo Juu ya Mstari

“Wakazi wote wa Yamumbi wanaarifiwa kwamba siku ya Alhamisi, kuanzia asubuhi, wageni rasmi watapita nyumba hadi nyumba. Kila kaya inaombwa kufagia uwanja wake, kumfunga mbwa wake, na kuhakikisha kwamba pana angalau kiti kimoja ambacho mgeni anaweza kukikalia bila kuanguka. Watoto wasiwafuate wageni wakiimba. Atakayekiuka maagizo haya atakuwa amejiletea aibu yeye mwenyewe.”

Tangazo hili lilisomwa kanisani, likabandikwa kwenye mlango wa ghala la mahindi, kisha likasomwa tena sokoni na mzee wa mtaa, ambaye aliongeza kwa hiari yake kwamba wageni hao walikuwa wakubwa. Halikueleza walikuwa akina nani wala walikuja kutafuta nini. Aliyelitunga hakuwa mzembe. Wataalamu walikuwa wamemwagiza asiwafichulie wakazi lengo la ziara ili majibu yao yasichafuke, naye, akiwa amebakiwa na mbwa, ufagio na kiti, aliviandika kwa uzito ule ule ambao angeupa jambo lenyewe.

Jambo lenyewe lilikuwa mradi uliokusudia kujua ni wapi watu ni maskini zaidi, Kenya au Uganda. Swali hili huulizwa mara nyingi na watu ambao si maskini katika nchi yoyote kati ya hizo mbili. Mitaa kadhaa ya pembeni mwa Eldoret, Yamumbi ukiwamo, ingelinganishwa na vijiji kadhaa vya pembeni mwa Mbale; mstari mmoja ungechorwa kwa pande zote; na kila kaya ambayo ingeangukia chini ya mstari huo ingepewa kadi ya matibabu ya miaka mitatu, ili wataalamu waone kama umaskini hupungua mtu anapotibiwa.

Habari za kadi zilivuja, kwa kuwa dereva wa mradi alikuwa na shemeji Yamumbi. Habari za mstari hazikuvuja, kwa kuwa dereva mwenyewe hakuzielewa. Hivyo mtaa mzima ulijua kwamba wageni wangeleta kadi, na hakuna aliyejua kwamba wangewapa wasio na kitu.

Christabel Nekoye aliihitaji kadi hiyo kuliko alivyohitaji kula, na kauli hii haina chumvi, maana uchaguzi kati ya dawa na chakula alikuwa ameshaufanya mara nyingi. Binti yake Joy, mwenye umri wa miaka tisa, alizaliwa na selimundu, ugonjwa ambao mtaani huitwa sikoseli. Damu ya mtoto wa namna hiyo hukwama ndani ya mishipa yake, na inapokwama, mifupa huuma kwa namna ambayo watu wazima walioionja huomba kufa. Baridi huyachochea maumivu hayo. Eldoret haina uhaba wa baridi. Palikuwa na kapsuli za kumeza kila siku ambazo ziliyapunguza hata Joy akaweza kwenda shule kama watoto wengine. Alizipata bure kwa muda wote ambao shirika moja lilikuwa likizifanyia utafiti. Utafiti ulipokamilika na kuthibitisha kwamba kapsuli zinafaa, ugavi ulisimamishwa. Zilizosalia zilikuwa ndani ya kopo moja, na Nekoye alikuwa ameanza kumpa mtoto siku moja na kuruka siku inayofuata.

Alikuwa mjane. Mumewe, fundi wa mawe kutoka Bungoma, aliangukiwa na ukuta mtaani Langas, na tangu hapo Nekoye alifanya vibarua: kupalilia mahindi Moiben msimu wa mvua, kuokota viazi Burnt Forest msimu mwingine, kufua nguo za watu misimu yote. Hakuwa mjinga. Hili ni lazima lisemwe mapema, kwa sababu alilolifanya baadaye lilidhihakiwa sana na watu waliokuwa na elimu kumzidi na uzoefu kumpungukia.

Alikuwa amekwisha kuiona misaada ikigawiwa. Shirika la matangi ya maji liliwapa matangi wenye nyumba zilizofungwa mifereji ya kukinga mvua. Asiye na mifereji angekinga nini? Chama cha akina mama kiliwakopesha wenye makochi, kwa kuwa makochi yanaweza kuchukuliwa. Wafadhili wa karo walipokuja, walimchagua mtoto ambaye sare yake ilikuwa imepigwa pasi, wakamwacha jirani yake aliyekuwa mtu wa kwanza darasani, ila kaptula yake ilikuwa na tundu. Kutokana na mifano hii Nekoye alifikia hitimisho ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifikia: msaada humwendea yule anayeonekana kwamba anakaribia kutouhitaji. Anayekuja kukusaidia ni mgeni, na mgeni hukaa muda mrefu zaidi pale anapokaa vizuri. Waswahili waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakufafanua mwenyeji amkaribishe mgeni huyo kwa kutumia nini.

Siku ya Jumatano alikwenda kwa jirani yake, Mama Waiyego, mwenye duka la rejareja na nyumba ya mawe nyuma yake. Waiyego alikuwa mtu wa kelele na moyo, na binti yake Shiko alisoma darasa moja na Joy.

“Mama Shiko, nimekuja na shida.”

“Wewe siku utakuja na raha nitafunga duka tusherehekee. Sema.”

“Kesho wageni watapita. Mimi niko na kile kistuli tu, na mguu mmoja ni wa kufungwa na kamba.”

Waiyego alimtazama, kisha akatazama makochi yake mwenyewe kupitia mlango uliokuwa wazi. “Hao watu wa kadi?”

“Hao.”

“Basi hautaki kiti. Unataka nyumba.” Akaita msichana wa kazi, akaita na fundi wa baiskeli aliyekuwa akipita. “Beba hiyo kochi ndefu. Na hiyo ndogo. Na meza. Polepole, hiyo si gunia ya viazi! Na televisheni.”

“Televisheni hapana, Mama Shiko. Kwangu hakuna stima.”

“Nani atauliza stima? Itakaa tu hapo. Mtu akiona televisheni imefunikwa na kitambaa anajua hapa ni kwa watu.” Aliongeza chupa ya chai yenye maua, vikombe sita vya kufanana, meko ya gesi, na rundo la vitambaa vya kufuma kwa sindano, vyeupe na vya waridi, vya kutosha kufunika kila kitu ambacho kingeweza kufunikwa. “Kama ni kadi, utapata. Wakikuuliza, usiseme umeazima. Ukisema umeazima mimi nitaonekana nani? Nitaonekana nimekuletea vitu nikuaibishe.”

Nekoye alikubali. Kwa upande wake alikuwa na kuku mmoja, tetea aliyekuwa akitaga, ambaye mayai yake yalikuwa ya Joy. Miongoni mwa Wabukusu, watu wa kabila lake, mgeni aliyetumwa na ofisi hapewi chai kavu. Alhamisi, kabla jua halijapanda, alimchinja.

Mgeni aliyeingia alikuwa kijana mmoja tu, amefuatana na mzee wa mtaa. Aliitwa Lawrence Wabuge, mhitimu wa takwimu ambaye hajaajiriwa kwa mkataba unaozidi miezi miwili tangu alipohitimu. Alikuwa na kibao cha kidijitali mkononi, na kichwani agizo moja alilolirudia wiki nzima mafunzoni: andika unachokiona na unachoambiwa, usiandike unachokijua.

Alichokijua alikijua tangu mlangoni. Sakafu ilikuwa ya udongo, na juu ya udongo huo palikuwa na mifereji miwili mipya iliyochorwa na miguu ya kochi lililoburutwa. Televisheni ilikuwa imekaa juu ya meza, waya wake umekunjwa vizuri na kufichwa chini ya kitambaa, kwenye nyumba ambayo haikuwa na hata tundu la umeme. Yeye mwenyewe alikulia Webuye. Mama yake alikuwa ameazima makochi mara tatu katika maisha yake, na mara moja kati ya hizo ilikuwa siku ya mazishi ya mumewe.

Alikaribishwa. Alinawishwa mikono. Ugali uliletwa, kuku akaletwa, na juu ya sahani yake ikawekwa firigisi, ambayo hakuna Mbukusu anayeweza kuirudisha bila kuitukana nyumba. Alijaribu.

“Mama, sisi tumekatazwa kula kazini.”

“Na nani?” mzee wa mtaa aliuliza.

“Na mradi, Mzee.”

“Huo mradi mama yake ni nani? Kula, kijana. Mtu hakatai firigisi halafu aulize maswali.”

Akala. Kisha akawasha kibao, Waiyego akiwa amekaa kwenye kochi lake mwenyewe kama mgeni, akifuatilia kila kitu kwa fahari.

“Sakafu ni ya nini, Mama?”

“Udongo.”

“Makochi haya ni ya kaya hii?”

“Sasa ulifikiria ni ya nani?” Waiyego alidakia. “Ya serikali?”

Mzee wa mtaa alicheka hadi akakohoa. Lawrence alingoja. “Naomba Mama mwenyewe ajibu.”

Nekoye alimtazama jirani yake. “Ni ya hapa.”

“Televisheni?”

“Ya hapa.”

“Na inashika vizuri sana,” alisema Waiyego. “Mpaka chaneli za Uganda.”

“Meko ya gesi?”

“Ya hapa.”

“Katika siku saba zilizopita, kaya hii imekula nyama, samaki au kuku?”

Mfupa ulikuwa bado kwenye sahani ya muulizaji.

“Leo,” alisema Nekoye.

“Na kabla ya leo?”

“Kabla ya leo ni Krismasi.”

Kibao kilikuwa na majibu mawili tu, ndiyo na hapana, na leo ilikuwa miongoni mwa siku saba. Lawrence alibonyeza ndiyo. Uso wake ulibadilika kidogo alipobonyeza, na Nekoye, ambaye maisha yake yote aliyategemea kusoma nyuso za watu wenye kazi ya kutoa, aliliona badiliko hilo. Ndipo mashaka yalipomwingia.

“Bwana Lawrence, haya maswali mnatafuta nini?”

“Siruhusiwi kusema, Mama.”

“Ukipata mtu hana kitu kabisa, unamfanyia nini?”

“Siruhusiwi, Mama.” Alisema polepole sana, akimwangalia machoni. “Nisikilize swali linalofuata. Lisikilize vizuri. Katika mwezi uliopita, kuna siku mtu wa kaya hii alilala bila kula kwa sababu chakula hakikuwepo?”

Nekoye alielewa. Alielewa yote kwa pamoja, kuanzia makochi hadi tetea. Nyuma ya pazia Joy alikuwa amelala akiwa amevaa soksi mbili mbili, na kopo la kapsuli lilikuwa chini ya mto wake.

“Ndiyo,” alisema. “Mimi. Siku nyingi.”

Mzee wa mtaa aliinua kichwa. “Na hii kuku je?”

Lawrence alibonyeza ndiyo. Kibao kilikataa. Maandishi mekundu yalitokea yakisema kwamba jibu hilo halilingani na yaliyotangulia, na kwamba mhojiwa aombwe kuthibitisha.

“Mashine inaomba uthibitishe, Mama. Mlilala njaa?”

“Mama Joy!” Waiyego alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa imejaa uchungu wa kweli. “Usituaibishe mbele ya mgeni. Hapa mtaani hakuna mtu analala njaa na mimi niko. Si ungekuja? Kwani mimi ni mtu wa kunyima mtu unga?”

Hakuwa mtu wa kumnyima mtu unga. Alikuwa ameutoa mara nyingi bila kuombwa. Kumkana sasa, juu ya makochi yake, mbele ya mzee wa mtaa, kungekuwa kumwambia mtu pekee aliyekuwa akiwasitiri kwamba sitara yake haikutosha. Nekoye alikuwa na muda wa kupumua mara moja tu, na binadamu anapopewa muda wa namna hiyo huchagua lile aliloishi nalo siku zote.

“Weka hapana,” alisema.

Kibao kikakubali.

Mwezi wa tano matokeo yalitolewa katika ukumbi wa hoteli moja mjini. Ilitangazwa kwamba kaya za pembeni mwa Mbale ni maskini kuliko kaya za pembeni mwa Eldoret, na kwamba tofauti hiyo ni kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Wajumbe wa Kenya walipongezana kwa adabu. Kaya ya Nekoye ilikuwa juu ya mstari kwa kiasi cha kuheshimika.

Wataalamu waliieleza tofauti hiyo kwa barabara, bei ya mahindi na ukaribu wa masoko. Hakuna aliyegusia kwamba upande wa Mbale tangazo halikutolewa kabisa, kwa kuwa kipaza sauti cha kijiji kilikuwa kimeazimwa kwenye matanga, na kwamba kwa sababu hiyo watu wa kule walikutwa kama walivyo.

Nelima, dada yake Nekoye wa tumbo moja, alikuwa ameolewa kule, kwenye mashamba ya kahawa mlimani. Alipiga simu akilia.

“Dada, wamesema mimi ni maskini! Wamesoma jina langu mbele ya watu. Baba watoto hajaongea na mimi tangu jana. Anasema nimemvua nguo.”

“Walikukutaje?”

“Kwenye kahawa, na matope mpaka hapa. Nikawaambia, ngojeni, rudini kesho nikiwa nimejitayarisha. Nyumba yangu sikuwafungulia. Mgeni anaingiaje nyumba haijafagiliwa? Basi wakasimama nje, wakaandika, wakaenda.”

“Ng'ombe hawakumwona?”

“Ng'ombe alikuwa ameenda kwa dume, kwa jirani.”

“Kadi wamekupa?”

“Wamenipa. Ya kufanya nini? Watoto wangu hata kukohoa hawakohoi.” Kisha Nelima mwenyewe akasikia alichokisema. “Dada. Joy anaendeleaje?”

“Kopo limeisha.”

“Chukua hii kadi. Nitavuka nayo mpaka wa Lwakhakha kesho.”

“Inatumia nini? Picha?”

“Kidole.”

“Kidole cha nani?”

“Changu, na cha watoto. Wale waliolala hapa siku ile ya kuandikwa.” Alianza kulia upya. “Mlete tu, dada. Tutasema ni wangu.”

Nekoye alimpeleka. Walivuka mpaka, wakafika kliniki ya upande ule, na mtoto akaweka kidole chake juu ya kioo ambacho hakikumtambua. Mhudumu aliwaambia kwa upole kwamba mashine haina chuki na mtu. Walirudi siku hiyo hiyo, kwa sababu Joy alikuwa ameanza kushika magoti.

Mwezi wa saba ulikuja na baridi yake ya kawaida. Joy hakulia, kwa kuwa watoto wenye ugonjwa huo hujifunza mapema kwamba kilio hutumia nguvu. Alikunjamana, akauma shuka, na macho yake yakageuka rangi ya manjano. Nekoye alimzungushia chupa za maji ya moto, kisha akambeba mgongoni hadi barabarani. Wodini aliongezwa damu. Daktari alisema kwamba safari hii wameiwahi, akauliza kwa nini kapsuli zilisimamishwa, akasema zirudishwe, akasema zisirukwe hata siku moja, akaandika jina la dawa hiyo juu ya karatasi, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakusema zitapatikana wapi. Hilo halikuwa katika taaluma yake.

Rufaa ambayo Nekoye alikuwa ameiwasilisha baada ya matokeo kutoka ilisikilizwa wiki ile ile, katika chumba cha mikutano ambamo mratibu wa mradi, Bwana Gichuru, alikuwa amekaa pamoja na wajumbe wawili wa kamati. Gichuru alikuwa mtu mpole na nadhifu, aliyesoma vitabu vingi kuhusu umaskini na kuvielewa. Alisimama Nekoye alipoingia, akamvutia kiti. Lawrence alikuwa ameitwa kama shahidi. Waiyego alikuja bila kuitwa.

“Vile vitu ni vyangu,” alisema kabla hajaulizwa. “Yote. Hata kile kitambaa. Mnaweza kuja kwangu muone, vimerudi mahali vinakaa.”

“Tunakuamini, Mama,” alisema Gichuru.

“Basi mpeni kadi.”

“Mama Nekoye, uliulizwa kama ni vyako, ukasema ni vyako. Ulidanganya kwa nini?”

“Sikudanganya. Nilikaribisha.”

Gichuru alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa na jibu hilo kwenye maktaba yake. “Wahenga walisema mficha uchi hazai.”

“Wahenga hawakusema uchi unaonyeshwa kwa kijana wa miaka ishirini na tano na mzee wa mtaa.”

Mjumbe mmoja alikohoa. Gichuru aligeuza kompyuta yake ili Nekoye aione, akamwonyesha michoro miwili ya rangi, mmoja mrefu na mwingine mfupi. “Mama, sikatai kwamba wewe ni maskini. Ninachosema ni kwamba wewe si maskini ukilinganishwa.”

“Nikilinganishwa na nani?”

“Na Mbale.”

“Mbale ni dada yangu.”

“Basi na dada yako.”

“Dada yangu ana ng'ombe.”

Gichuru alitazama kompyuta. “Ng'ombe hayumo.”

“Hayumo wapi? Nimemkamua kwa hii mikono.”

“Hayumo kwenye takwimu.”

Lawrence aliomba nafasi ya kusema. Sauti yake ilikuwa chini, na mkataba wake ulikuwa unamalizika mwisho wa mwezi. Alisema kwamba vitu vile vilikuwa vya kuazima na kwamba mtu yeyote angeliona hilo. Kwamba katika nyumba nyingine nyingi za Yamumbi alikuta kochi lile lile la kijani, likimtangulia kwa njia za nyuma. Alisema aliarifu kwa maneno siku ile ile, akaambiwa aendelee.

“Ni kweli uliarifu,” alikiri Gichuru, “na ni mimi niliyekwambia uendelee. Sasa nisaidie kufikiri. Tukirudi Yamumbi leo, kila mtu akishajua tunachotafuta, tutakuta nini?”

“Hatutakuta hata kijiko, Bwana Mratibu.”

“Hatutakuta hata kijiko. Na tukiondoa vitu vya kuazima upande wa Kenya kwa neno la watu, bila kumwongeza ng'ombe upande wa Uganda, tutakuwa tumelinganisha nini na nini? Na tukimwongeza huyo ng'ombe, dada yake huyu Mama atanyang'anywa kadi. Ndilo unalolitaka, Mama?”

“Kadi ya dada yangu haitumiki. Watoto wake ni wazima.”

“Lakini ndilo unalolitaka?”

Waiyego alikuwa amefunika mdomo kwa leso.

“Unaona ugumu wetu,” Gichuru aliendelea, na ilikuwa wazi kwamba ugumu huo aliuona na kuumizwa nao. “Takwimu za nchi zote mbili zimeshafungwa na kupelekwa kwa wafadhili. Tukiigusa kaya moja, tutalazimika kuzigusa zote, pande zote. Ulinganisho utakufa.”

“Utakufa,” alirudia Nekoye.

“Ndiyo, Mama. Kazi ya miaka miwili.”

“Bwana Mratibu, mimi nimetoka wodini sasa hivi. Mtoto wangu amewekewa damu ya mtu mwingine, hata simjui. Daktari amesema safari ijayo tunaweza kuchelewa.” Hakuinua sauti. “Kama ni lazima kitu kife kati ya hivi viwili, kife hicho chenu.”

Mjumbe wa pili, ambaye hakuwa amezungumza tangu asubuhi, aliuliza kama Mama angependa chai. Hakupenda. Waliombwa watoke ili kamati itafakari, wakasimama koridoni, Waiyego akiwa ameshika mkono wa Nekoye na Lawrence akiwa amesimama mbali nao kidogo, akitazama viatu vyake.

“Mimi nilidhani nakusaidia,” alisema Waiyego.

“Ulinisaidia, Mama Shiko.”

“Usiniambie hivyo. Nitusi.”

Nekoye hakuwa na nguvu ya kumtusi mtu. Alikuwa akihesabu moyoni ni nani aliyebaki ambaye hajamwomba, na hakumpata. Mlango ulipofunguliwa aliingia peke yake, akakataa kukaa, na Bwana Gichuru, akiwa amesimama naye kwa heshima, akamsomea:

“Kamati imesikiliza rufaa ya Bi. Christabel Nekoye wa Yamumbi na kujiridhisha kwamba maelezo yake ni ya kweli. Kamati inatambua kwamba mtoto wake ni mgonjwa na inamwombea afueni. Kwa kuwa takwimu za Kenya na za Uganda zimekwisha kufungwa, kaya yake itaendelea kuhesabiwa kuwa juu ya mstari hadi awamu ijayo ya utafiti, inayotarajiwa kuanza baada ya miaka mitatu, fedha zikipatikana. Hata hivyo, kwa kuzingatia uchungu unaoweza kusababishwa na istilahi inayotumika sasa, kamati imeamua kwa kauli moja kwamba kaya za aina yake, katika nchi zote mbili, hazitaitwa tena kaya zisizo maskini. Kuanzia tarehe ya leo zitaitwa kaya zilizo karibu na mstari. Badiliko hili la jina haliambatani na haki ya kadi ya matibabu. Uamuzi huu ni wa mwisho.”